Barafu ya Kibo na swali la nyuzi hasi saba

Saa sita mchana, mwezi Desemba, juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Jua limesimama karibu na utosi, limeegemea kusini kidogo. Kipimajoto kilicho kivulini kinasoma chini ya sifuri, lakini ukuta wa barafu unaotazama kusini unadondosha maji, tone kwa tone, juu ya changarawe nyeusi. Panda juu ya ukuta huohuo, kwenye uso tambarare unaopigwa na upepo, hukuti tone hata moja. Barafu ya huko ni kavu, imechongwa visu vyembamba vinavyolielekea jua, na kila siku inapungua bila kulowesha chochote.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Kama ni joto la dunia linaloimaliza barafu hii, mbona kule juu wastani wa mwaka ni nyuzi hasi saba? Barafu inayeyukaje kwenye baridi ya namna hiyo?

Wanaouliza hivyo mara nyingi ni watu wasiokubali kwamba binadamu ndiye anayebadili tabianchi. Swali hili halijanitoka kichwani kwa wiki kadhaa sasa, na kinachonikera zaidi ni jinsi linavyojibiwa. Muulizaji huambiwa kwamba wanasayansi wameshasema, au kwamba analipwa na kampuni za mafuta, au kwamba aangalie tu picha za zamani na za sasa.

Hayo si majibu.

Swali lenyewe limesimama juu ya kipimo halisi. Jibu la kweli linaanza kwa kukubali kwamba katika jambo hili, aliyeuliza ana hoja.

## Jua, vumbi na theluji mpya

Kipimo kinajulikana kilikotoka. Februari 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake walifunga kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha juu ya barafu ya kaskazini, karibu mita 5,800 kutoka usawa wa bahari. Wastani wa joto la hewa pale ni kama hasi 7. Kwenye uso tambarare, hewa yenyewe haina joto la kuyeyusha barafu.

Kazi hiyo inafanywa na jua, na inafanyika kwa njia mbili. Barafu inaweza kuyeyuka ikawa maji, au inaweza kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hatua ya maji, kama vipande vya barafu vilivyosahaulika kwenye friza vinavyozidi kuwa vidogo ingawa friza haijazimwa hata siku moja. Njia hizi mbili hazina gharama sawa. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika sifuri kunahitaji kilojuli 334. Kuigeuza mvuke moja kwa moja kunahitaji kama kilojuli 2,830, yaani zaidi ya mara nane.

Chukua mita moja ya mraba. Jua la mchana pale juu linaweza kumwaga wati 1,000 kwenye eneo hilo. Theluji mpya hurudisha angani kama asilimia 85, kwa hiyo zinazoingia ni wati 150 tu. Barafu kuukuu iliyofunikwa vumbi la volkano inaweza kurudisha asilimia 40, na hapo zinaingia wati 600. Kwa saa moja hizo ni kilojuli 2,160. Zikienda zote kwenye kuyeyusha, zinaondoa kilo 6 na nusu za barafu. Zikienda zote kwenye mvuke, zinaondoa robo tatu ya kilo. Uhalisia uko chini ya hapo, kwa sababu barafu nayo hutoa joto kwenda angani usiku na mchana, na hewa kavu ya kileleni hailizuii joto hilo. Lakini uwiano unabaki uleule.

Sasa angalia kinachoamua mambo. Tofauti kati ya wati 150 na wati 600 haikuletwa na joto la hewa. Imeletwa na theluji mpya kuwepo au kutokuwepo. Masika na vuli zikinyesha vizuri, kilele kinavaa nguo nyeupe na barafu ya chini inakingwa. Mvua zikikosa, uso mchafu unabaki wazi chini ya jua la ikweta, na hasara inaanza siku hiyohiyo, hata kama kipimajoto kinasoma hasi 7.

Ukuta una hesabu yake. Unasimama wima, umekingwa dhidi ya upepo, unapokea jua la moja kwa moja na joto linalotoka kwenye changarawe iliyo mbele yake, kwa hiyo uso wake unaweza kufika sifuri na kudondosha. Theluji haishiki kwenye ukuta wima. Maana yake ni kwamba barafu ya tambarare ikishapata kuta, kuta hizo zinajua kurudi nyuma tu, karibu mita moja kwa mwaka, na hali ya hewa ikiwa nzuri vipi haziwezi kusonga mbele tena. Jambo hili husahaulika sana. Sehemu ya barafu tunayoiona ikipotea leo inalipia mabadiliko yaliyotokea zamani.

## Kabla ya magari

Zamani kiasi gani?

Ramani ya kwanza nzuri ya barafu ya Kibo ilitokana na upimaji wa Fritz Klute na Eduard Oehler mwaka 1912. Ilionyesha kilomita za mraba kama 12. Mwaka 1953 zilikuwa chini ya 7. Mwaka 1976 kama 4. Mwaka 2000 kama 2 na nusu. Mwaka 2011 ilikuwa 1.76, na vipimo vya setilaiti vya miaka ya karibuni vinaonyesha kwamba haifiki tena kilomita 1 ya mraba.

Soma tarakimu hizo taratibu. Kati ya 1912 na 1953 zilipotea kilomita zaidi ya 5, kuliko kipindi chochote kilichofuata. Hewa ukaa angani ilikuwa bado haijafika sehemu 315 kwa milioni, kiwango ambacho Charles Keeling alianza nacho vipimo vyake Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Na hata 1912 haikuwa mwanzo. Hans Meyer alifika kileleni 1889. Aliporudi 1898 alikuta barafu imeshapungua.

Kilichotokea kabla ya hapo kinaonekana kwenye Ziwa Victoria. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa lilikuwa limejaa sana, kisha likashuka kwa kasi. Afrika Mashariki iliingia kwenye kipindi kikavu kuliko kile kilichotangulia. Mvua ikipungua, theluji ya kileleni inapungua, uso unakuwa mchafu, kuta zinajitokeza. Mlolongo huo hauhitaji bomba hata moja la moshi.

Kwa hiyo anayesema kwamba barafu ya Kilimanjaro ilianza kupotea kabla ya hewa ya viwanda kuwa na nguvu, na kwamba ukame ulikuwa sababu kubwa, anasema kweli. Nimeona walimu na wanaharakati wakikataa hata hilo, kwa kuogopa kwamba wakikubali kidogo watapoteza kesi nzima.

Hofu hiyo ndiyo inayoharibu kesi.

(Na tusisahau kwamba mlima huu ulianza maisha yake huko Ulaya kwa kukanushwa. Johannes Rebmann aliuona ukiwa na kilele cheupe Mei 1848, na William Desborough Cooley, aliyekuwa London, akasisitiza kwa miaka kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wachagga waliokuwa wakiuona kila asubuhi hawakuulizwa.)

## Waliosema, na waliowanukuu

Hoja ya ukame haikutoka kwa wanaokana tabianchi. Ilitoka kwa wataalamu wa barafu, hasa Georg Kaser na Thomas Mölg waliokuwa Chuo Kikuu cha Innsbruck, pamoja na Hardy na wengine. Mwaka 2004 walichapisha makala ndefu wakieleza kwamba kupungua kwa barafu ya Kibo kunaelezeka vizuri zaidi kwa hewa kukauka ghafla karibu 1880 kuliko kwa hewa ya pale kupata joto. Mwaka 2007 Kaser na Philip Mote waliandika tena, kwa lugha ya wasomaji wa kawaida.

Makala hizo zilisambaa haraka miongoni mwa wasioamini. Kilichosambaa nusu nusu ni upande wa pili wa maelezo: waandishi haohao walisema wazi kwamba dunia inapata joto, kwamba binadamu ana mkono mkubwa, na kwamba barafu za sehemu nyingine nyingi za dunia zinapungua kwa sababu ya joto hilo. Walichokataa ni kuuchukua mlima mmoja wenye hali ya pekee na kuufanya nembo ya jambo lote. Kwangu mimi huo ni uaminifu wa hali ya juu: mtu anayekubali hitimisho kuu, lakini anakataa ushahidi dhaifu unaoletwa kulitetea.

Oktoba 2007 suala likafika Mahakama Kuu ya Uingereza. Mzazi mmoja alipinga filamu ya mwaka 2006 kuhusu tabianchi, ya Al Gore aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani, kuonyeshwa shuleni. Jaji Burton hakuipiga marufuku. Alisema hoja zake kuu zinaungwa mkono na utafiti, lakini akaorodhesha mambo tisa ambayo filamu iliyazidisha au kuyasema bila uthibitisho wa kutosha, na walimu wakatakiwa kupewa mwongozo. Moja ya mambo hayo tisa lilikuwa theluji ya Kilimanjaro.

Halafu kuna ule utabiri. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alitoboa barafu pale juu akatoa nguzo sita, ndefu kuliko zote ikiwa na mita zipatazo 50. Katika makala ya 2002, timu yake ilichora mstari kupitia ramani za 1912, 1953, 1976, 1989 na 2000, wakaurefusha mbele, ukagusa sifuri kati ya 2015 na 2020.

Mwaka 2020 ulifika. Barafu ilikuwepo.

Kosa linaeleweka ukilitazama kwa karibu. Mstari ulionyooka hauna fizikia ndani yake. Barafu iliyo nyembamba na iliyo pembezoni hutangulia kuondoka. Inayobaki mwishoni ni ile nene ya tambarare, ambayo inakufa polepole kwa kuta zake. Lakini vyombo vya habari vilichukua tarehe bila kuchukua njia iliyotumika kuipata, na tarehe ilipopita, msomaji wa kawaida alikuwa na haki ya kuuliza ni nini kingine alichoambiwa kwa uhakika wa namna hiyo.

Ningemjibu kwamba tarehe ilikosewa na mwelekeo haukukosewa. Kutoka 2.5 hadi 1.76 hadi chini ya 1 hakuna mahali ambapo mstari uligeuka kupanda. Kila masika ikinyesha sana, picha za kilele cheupe husambazwa na maneno kwamba theluji imerudi. Hiyo ni theluji ya msimu. Baada ya wiki chache za jua inaondoka, na ukiipima barafu ya kudumu iliyo chini yake, eneo halijaongezeka.

## Kilichobadilika baadaye

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema Kilimanjaro ni habari ya ukame, basi. Vipimo vya baadaye havikuruhusu.

Katika makala yao ya 2009, Thompson na wenzake walionyesha kwamba katika nguzo mojawapo, sentimita 65 za juu zilikuwa na viputo vya hewa vilivyovutika, alama ya barafu iliyoyeyuka na kuganda tena. Chini ya hapo hawakuiona alama hiyo. Barafu ya Furtwängler, iliyo katikati ya kasoko, ilikuwa imelowa maji tayari ilipotobolewa mwaka 2000, na katika miaka tisa iliyofuata ilipoteza karibu nusu ya unene wake. Umri wa barafu ya chini kabisa ya Kibo bado una ubishi: Thompson aliukadiria kuwa zaidi ya miaka 11,000, Kaser na wenzake wakajibu kwamba barafu ya tambarare ingeweza kuja na kuondoka mara kadhaa katika muda huo. Ubishi wa namna hii ndio kazi ya kila siku ya wataalamu, na hauna uhusiano na kama hewa ukaa inatunza joto.

Zaidi ya hayo, Kibo si peke yake. Mlima Kenya una barafu zilizo chini zaidi, kwenye urefu wa mita 4,600 hadi 5,000, ambako hewa huzunguka karibu na sifuri. Pale ongezeko dogo la joto linafanya kazi moja kwa moja. Barafu zote za mlima huo zikiunganishwa leo hazifiki sehemu ya kumi ya kilomita moja ya mraba. Rwenzori ni milima yenye unyevu mwingi, huwezi kuihesabia ukame kirahisi, na imebakiwa na sehemu ndogo sana ya barafu iliyokutwa na msafara wa Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, mwaka 1906. Milima mitatu, hali tatu tofauti za hewa, mwelekeo mmoja.

Hata hivyo bado nisingeitumia kama ushahidi mkuu. Inaonyesha kwamba kitu kimebadilika. Haionyeshi ni nani aliyekibadilisha.

## Mkono wa binadamu unaonekana wapi

Mtu anayetilia shaka kweli, asiyetafuta ushindi tu, anastahili kupelekwa mahali ambapo sababu tofauti zingeacha alama tofauti. Huko kuna mambo ambayo mlima hauwezi kuyasema.

La kwanza ni kaboni yenyewe. Kaboni ina aina tatu: 12, 13 na 14. Mimea inapovuta hewa hupendelea kaboni-12, iliyo nyepesi, kwa hiyo miili ya mimea ina kaboni-13 kidogo kuliko hewa. Makaa ya mawe na petroli ni mabaki ya viumbe vya kale, yamerithi upungufu huo. Kaboni-14 nayo huoza, nusu yake huisha kila baada ya miaka 5,730, na katika makaa yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka haimo kabisa. Ukichoma mafuta ya kisukuku kwa wingi, sehemu ya kaboni-13 angani lazima ishuke, na ya kaboni-14 ipunguzwe. Ya 13 inashuka. Ya 14 ilikwisha kuonekana ikipungua kwenye pete za miti, kazi ambayo Hans Suess aliichapisha 1955, kabla majaribio ya mabomu ya nyuklia hayajavuruga kipimo hicho.

Volkano haitoi alama hiyo. Kaboni inayotoka chini kabisa ya ardhi haina upungufu mkubwa wa kaboni-13 kama wa mimea. Nasema hivyo nikijua kwamba tuna Ol Doinyo Lengai na Nyiragongo, milima inayotoa hewa ukaa nyingi kuliko volkano nyingi duniani, na kwamba watu wa huku huitaja haraka. Volkano zote za dunia zikijumlishwa hazifiki asilimia moja ya tani bilioni 37 hivi ambazo binadamu anatoa kwa mwaka kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa.

Bahari je? Kama hewa ukaa ya ziada ingekuwa inatoka baharini kwa sababu maji yamepata joto, bahari ingekuwa inapungukiwa nayo. Vipimo vinaonyesha kinyume: maji ya juu yanazidi kuwa na asidi, kutoka pH ya karibu 8.2 hadi 8.1, kwa sababu yanaipokea. Oksijeni ya angani nayo inapungua kwa kiasi kidogo sana kinachopimika, sawa na inavyotarajiwa kitu kinapochomwa. Bahari inayotoa gesi haihitaji kuchoma oksijeni.

Likiulizwa jua, jibu liko juu zaidi. Jua likiongeza nguvu, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Hewa ukaa ikiongezeka, hewa ya chini hupata joto na stratosfia, tabaka la hewa lililo juu yake, hupoa. Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa hivyo mwaka 1967, kabla setilaiti hazijaweza kupima. Setilaiti zilipokuja, zikakuta stratosfia inapoa. Sehemu ya chini ya tabaka hilo imepoa pia kwa sababu ya kupungua kwa ozoni, hilo ni kweli, lakini sehemu ya juu inaeleza habari ya hewa ukaa. Nguvu ya jua yenyewe inapimwa na setilaiti tangu 1978: inapanda na kushuka kwa kama asilimia 0.1 kila miaka 11 hivi, na haijapanda kwa ujumla wakati joto la dunia likipanda.

Ukimweka mtu mbele ya mambo hayo, ya nyuzi hasi saba hayahitajiki tena. Anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu Kibo na bado akawa amekosea kuhusu dunia.

## Shaka yenye kinyongo

Lakini huku kwetu shaka nyingi haitoki kwenye vipimajoto.

Inatoka kwenye bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na Bunge la Ulaya kupitisha azimio dhidi yake Septemba 2022, huku bara zima la Afrika likitoa chini ya asilimia 4 hivi ya hewa ukaa ya dunia. Mtu anasikia hayo na anaunganisha: wale waliochoma makaa kwa zaidi ya miaka mia mbili ndio hao wanaosema sasa ni zamu yetu kuacha. Halafu anahitimisha kwamba habari yote imetungwa.

Nusu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali kwa moyo wote. Kuna dhuluma, na anayeiona hapaswi kuitwa mjinga. Lakini hitimisho halifuati. Kaboni haina uraia. Na ukilifikiri vizuri, anayekana mkono wa binadamu anaitupa hoja nzito kuliko zote ambayo Afrika inayo mezani: kwamba kuna mwenye deni. Kama joto hili ni la asili tu, hakuna wa kudaiwa fidia, wala wa kuchangia ukuta wa bahari Pangani. Shaka inayoanza kwa kutetea haki zetu inaishia kumfutia mdaiwa deni lake.

Wengine husema mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Sioni mgongano hapo. Aliyeweka kanuni za hewa na joto ndiye aliyempa binadamu kiberiti, na hakuna dini ninayoijua inayomwondolea mwenye kiberiti dhima ya moto aliouwasha.

## Maji hayatoki pale tunapotazama

Limebaki jambo moja ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko ubishi wote wa barafu, na lote liko mikononi mwa watu wa huku.

Watu wengi wanaamini kwamba barafu ikiisha, mito na mifongo (mifereji ya umwagiliaji) ya Uchagani itakauka. Fanya hesabu. Tuseme barafu ni kilomita 1 ya mraba na inapoteza unene wa nusu mita kwa mwaka. Hizo ni mita za ujazo 500,000 za barafu, sawa na 450,000 za maji. Zigawe kwa sekunde milioni 31.5 za mwaka: unapata lita 14 kwa sekunde. Na hapo tumejifanya kwamba yote inakuwa maji, wakati tumeshaona kwamba sehemu kubwa inaenda angani kama mvuke.

Sasa chukua kilomita 1 ya mraba ya msitu upande wa kusini, kwenye mita 2,200 hivi, ambako mvua ni kati ya milimita 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Kwa milimita 2,000 tu unapata mita za ujazo milioni 2. Zaidi ya mara nne ya barafu yote, kutoka kilomita moja ya msitu. Sehemu ya maji hayo miti inaitumia na kuirudisha angani, lakini msitu hauna kilomita moja, una mamia.

Msitu huo unaungua. Tangu 1976 moto umekula zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu wa juu, na Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu kwa miongo, ameonyesha jinsi mpaka wa juu wa msitu ulivyosukumwa chini. Inayopotea ni miti ya erika, ile inayokinga ukungu kwa majani yake na kuudondosha ardhini hata siku isiyo na mvua. Hali ikiwa kavu na yenye joto zaidi, moto unapanda juu zaidi. Msitu ukipungua, ukungu unaonaswa unapungua. Wapo waliodai kwamba ukataji wa miti ndio uliomaliza barafu. Mölg na wenzake walilipima dai hilo kwa modeli na matokeo yao, 2012, yalilipa sehemu ndogo tu ya hasara. Kwa hiyo msitu hautairudisha barafu. Utalinda maji.

Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Whona, njia ya Marangu, ukawaka siku kadhaa kwenye nyanda za juu huku watu wakiukabili kwa matawi, majembe na ndoo. Mioto ya namna hiyo huja mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, majani yakiwa makavu na vuli haijaanza. Chanzo huwa ni majiko ya kambini, mashamba yanayosafishwa kwa moto, na mienge ya warina asali wanaofukuza nyuki kwenye mashina ya miti. Mrina aliye na mizinga ya kisasa na bomba la moshi lenye kifuniko hahitaji mwenge wa majani makavu, na jiko la gesi kambini halihitaji kuni. Vifaa hivyo, pamoja na njia za kuzuia moto zilizofyekwa upya chini ya ukanda wa erika, vinatakiwa viwe vimekamilika kabla ya Agosti kwisha.